Jinsi Kijitabu Changu Kilivyookoa Kuku wa Mama

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeamua kuwa mwandishi. Nashukuru uamuzi umekuja mapema, maana shule nimemaliza juzi tu, Novemba.

Chanzo ni Bi Eunice, afisa wa mifugo kutoka Msambweni. Amekuja kwenye kikao cha akina mama na habari mbaya: kideri kimefika ng'ambo ya barabara kuu. Kuku wanapinda shingo na kufa, banda zima kwa wiki moja. Chanjo ipo. Tone moja katika jicho, basi. Lakini kichupa kimoja ni cha kuku mia, na dawa ikishachanganywa lazima itumike siku hiyo hiyo, inayobaki humwagwa. Hawezi kufungua kichupa kwa ajili ya nyumba moja. Walau nusu yake ipate kazi. Atapita Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Akikuta kuku wamekusanywa, atachanja. Akikuta hawapo, atakwenda zake kijiji kingine.

Akina mama wakaitikia inshallah. Ile inshallah ya kuondokea. Mkono ulioinuka ni wa Mama peke yake.

Mama ana sababu. Mwaka jana kideri kilimwachia mtetea mmoja, sijui kilimsahau vipi. Kwa mtetea huyo amejaza banda upya. Kuku hawa wakipona, wataniingiza chuo cha ualimu mwezi wa Mei. Wakifa, nitaendelea kufagia uwanja. Naufagia vizuri, nashukuru, lakini si kazi ya maisha yote.

Kwa hiyo kuku wa Mama watapona tu ikiwa majirani wataleta kuku wao. Lazima mtu awashawishi. Mimi kuzungumza nao siwezi. Watu wakinitazama, sauti yangu hurudi tumboni. Lakini naweza kuandika. Kitabu hakitetemeki!

Mpango: kijitabu cha kumfunza msomaji mpaka abadilike.

Nimepanga sura kama tulivyofunzwa. Utangulizi. Maana ya kuku. Asili ya kuku duniani. Aina za kuku. Viungo vya ndani. Faida za kuku. Magonjwa. Kinga. Hitimisho. Chanjo imeangukia ukurasa wa kumi na moja. Ni mahali pa heshima. Hata mgeni rasmi husema mwisho.

Jumatano, 5 Februari

Mwalimu Tembo, aliyenifunza Kiswahili, ameninakilia kijitabu kwa mashine ya shule. Mungu amjalie. Alitaka kukisoma kwanza. Nikasema hapana, hakuna haja, kiko tayari. Akanitazama kwa muda, akawasha mashine.

Tatizo likawa kugawa. Kumpa mtu kitabu mkononi ni lazima useme kitu. Nikabuni hila. Bi Mwanapili, mwenyekiti wa akina mama, anauza bajia kando ya njia, na kijiji kizima hupita pale. Nikangoja aingie ndani kuswali adhuhuri. Nikaweka rundo mezani pake, kando ya sinia, nikaondoka mbio.

Sikufika mbali. Nikasikia nikiitwa. Bi Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni na rundo mkononi, akiniombea dua kwa sauti iliyofika msikitini. Mungu anizidishie, Mungu anipe mume mwenye huruma, karatasi za kufungia bajia zilikuwa zimemwishia tangu jana.

Alikuwa ameshachana kijitabu cha kwanza.

Nilitaka kueleza. Sauti ikarudi tumboni. Nikamjibu: "Marahaba."

Marahaba! Mtu wa rika la nyanya yangu, wala hakunipa shikamoo! Nimekimbia mpaka nyumbani nimejifunika leso usoni. Hata hivyo namshukuru Bi Mwanapili. Hakunirushia kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Nasomwa! Kijiji kizima kina kurasa zangu. Si kurasa zile zile kwa kila mtu, na nyingi zina mafuta, lakini nasomwa.

Ukurasa unaopendwa zaidi ni wa viungo vya ndani. Niliandika pale kwamba firigisi ina madini ya chuma na yanamfaa mama mjamzito. Nilifikiri ni sentensi ya kawaida. Mkaza mwana wa Bi Mwanapili, ambaye ni mjamzito, alisoma hayo huku akila bajia. Jana walichinja. Mzee Dzombo, mume wa Bi Mwanapili, akafunua sufuria kutafuta firigisi yake, ambayo amekuwa akiipata tangu alipooa. Hakuna. Akauliza iko wapi. Akaonyeshwa karatasi.

Kikao cha leo cha akina mama kilikuwa cha kuzungumzia chanjo. Kimezungumzia firigisi. Tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Je, ni ya baba mwenye nyumba, ya mgeni, au ya anayeihitaji? Kuna waliosema imeandikwa, basi imekwisha. Kuna waliosema ni nani aliyeandika, na ana mume? Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mama aliinuka mara mbili kutaja kideri. Mara zote mbili aliombwa kwanza atoe msimamo wake juu ya firigisi.

Nikitoka nimekutana na Maweu. Tumemaliza shule pamoja. Nyumbani kwao ni kule mashamba ya skimu, yaliyogawiwa na serikali, wazee wake walitoka Ukambani. Siku hizi ananunua kuku vijijini na kuwapeleka kwa pikipiki hoteli za Diani. Alikuwa na ukurasa wangu mkononi.

"Mejumaa, hii kitabu yako inaanza wapi? Mimi niko ukurasa wa tano na kuku bado hajatoka Asia."

Akacheka mpaka pikipiki ikatikisika. Nimeumia. Lakini nashukuru pia. Ni msomaji wa kwanza kunitajia nambari ya ukurasa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda kwa Mwalimu Tembo na kijitabu kilichosalia. Safari hii amekisoma chote, akiwa anasahihisha insha za watoto kwa mkono mwingine. Akaniuliza nimemwandikia nani. Nikasema nimemwandikia msomaji. Akauliza msomaji huyo anaitwa nani.

Akasema mtu haamki asubuhi akitaka kujua maana ya kuku. Bi Mwanapili anajua kuku ni nini, anao. Muulize anaogopa nini, anza hapo. Historia akiitaka ataitafuta mwenyewe.

Nilimshukuru sana. Nilimshukuru tena nilipofika langoni, ila sidhani alisikia.

Anaogopa nini! Jambo rahisi namna hii! Nimeketi jikoni na kuandika kisa cha mtetea aitwaye Kishungi. Ana vifaranga. Ni mpole, hutaga chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Siku moja anasimama peke yake uani, mabawa yameshuka. Hali chakula. Kinyesi chake kinakuwa kijani. Shingo inaanza kupinda, inapinda, mpaka anatazama mgongo wake mwenyewe. Vifaranga wanamzunguka wakilia. Kesho yake anazikwa nyuma ya nyumba, na vifaranga wanamfuata mmoja mmoja.

Nimelia nilipokuwa naandika. Mama akauliza kuna nini. Nikasema kitunguu. Akatazama sufuria. Tulikuwa tunapika chai.

Sasa hila yangu kubwa: chanjo sijaitaja. Nimeiacha makusudi. Kisa kinaishia kaburini. Msomaji atabaki na hamu, atatafuta mwandishi, atauliza afanye nini, nami nitakuwa na sehemu ya pili tayari.

Jumatatu, 10 Februari

Ugawaji umefana. Nimewapa watoto wa madrasa, kila mmoja nakala moja niliyoiandika kwa mkono, akawasomee wa nyumbani. Ustadhi aliruhusu, akasema kusoma ni ibada. Mungu amlipe.

Jioni nilijipitisha njiani kama mtu anayetafuta mbuzi. Kila nyumba mtoto anasoma kwa sauti. Watu wamenyamaza. Kwa Bi Mwanapili nilisikia mtu anavuta kamasi. Nyumba inayofuata mtoto alifika penye kaburi akashindwa kuendelea, baba yake akachukua karatasi akamalizia.

Nimerudi nimejaa shukrani. Kesho watakuja kuuliza. Nimefagia uwanja mara mbili.

Jumanne, 11 Februari

Hakuna aliyekuja kuuliza.

Asubuhi niliamshwa na harufu. Kuku wa kukaanga. Halafu kuku wa nazi, upande wa pili. Halafu pande zote. Nikafikiri nimekosea tarehe na leo ni Idi.

Nikaitwa kwa jirani wa kwanza. Akanikalisha mkekani, akaniletea sahani. Akaniambia hajawahi kusomewa maneno yaliyomwingia kama yale. Aliposikia shingo inapinda alisema basi, kabla kideri hakijaja, na tuwale wenyewe wakiwa wazima. Nyumba ya pili wamechinja pia. Nyumba ya tatu wamenipa firigisi, mimi, wakasema ni haki ya mwandishi. Nimekula kote. Sikuweza kukataa. Nimeshukuru kote.

Bi Mwanapili hakuchinja. Yeye amewatia kuku wake kwenye matenga na kuwavusha hadi kisiwa cha Funzi kwa dada yake, akisema kideri hakiwezi kuogelea. Mama Maweu, mamake Maweu, amempa mwanawe nusu ya banda akawauze hoteli. Wengine wakafuata. Maweu amepita hapa na pikipiki iliyofunikwa na matenga mpaka haonekani. Sauti tu ndiyo ilitoka katikati ya manyoya.

"Walai, Mejumaa, uko na kipawa. Andika ingine."

Nyumbani nimemkuta Mama ameketi mbele ya banda na nakala ya kisa. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Nimeogopa mimi niliyekuzaa." Akaikunja ile karatasi taratibu. "Sasa niambie. Hicho kichupa tutakijaza kwa kuku gani?"

Jioni Maweu amerudi kumwomba Mama amuuzie na yeye. Mama amewahesabu kuku wake mara mbili. Kisha akamwambia aje Jumamosi. Bi Eunice akifungua kichupa, hawauzi. Asipofungua, Maweu atawachukua wote siku hiyo hiyo, kwa bei yoyote, kuliko kuwazika.

Nimebaki na uwanja wangu wa kufagia. Tumbo limeshiba na moyo umeanguka. Sijui kama mtu anaweza kushukuru na kulia kwa pamoja, lakini nimefanya hivyo.

Alhamisi, 13 Februari

Kwa Mwalimu Tembo tena. Alikuwa anakula paja la kuku. Alipewa na mzazi mmoja, hakujua chanzo chake. Nimemweleza. Ameliweka paja chini, kisha akaliokota tena.

Akasema nimemtisha msomaji nikamfungia mlango. Mtu aliyetishwa hutoka kwa dirisha la kwanza analoliona. Ukimwonyesha hatari, papo hapo mwonyeshe la kufanya: jambo moja, siku gani, mahali gani. Jambo analoliweza kesho asubuhi kwa mikono yake. Alikuwa bado anaendelea, nadhani alitaka kusema na kitu kingine kuhusu sababu, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilimshukuru na kuondoka. Kesho anakwenda mazikoni Samburu, hatarudi ila Jumapili, hivyo sitaweza kumsumbua tena.

Jambo moja! Nimekaa na kupunguza. Nimeondoa Asia. Nimeondoa firigisi. Nimeondoa Kishungi na kaburi lake. Nimeondoa hata kideri, maana kila nilipotoa sababu, watu waliichukua sababu wakaenda nayo kwingine. Nimebakiza haya:

"Jumamosi hii asubuhi na mapema, kabla hujafungua banda, kamata kuku. Mfunge miguu au umtie kwenye tenga. Mlete nyumbani kwa Mama Mejumaa. Usikose. Ni mimi, Mejumaa, niliyemaliza shule."

Mstari wa mwisho ni wa adabu tu. Si vizuri kumwamuru mtu mzima bila kujitambulisha.

Watoto wa madrasa wamechukua zote. Hata wanaoishi mbali, upande wa Msambweni mjini, wamewapelekea jamaa zao.

Ijumaa, 14 Februari

Sijawahi kuona watu waliojitolea kwa chanjo namna hii!

Bi Mwanapili amenisimamisha njiani, akanishika mashavu, akaniambia amefurahi sana, walikuwa wakingoja tu, alijua siku hii itakuja. Akauliza kama akina mama wavae leso za namna moja. Nikasema ndiyo, kwa sababu ndiyo ni fupi. Akasema watavaa. Kuku wake wako Funzi, lakini ataazima jogoo kwa shemeji. Haiwezekani aje mikono mitupu.

Mzee Dzombo amesema atatuma viti. Sikujua chanjo ina viti. Nimemshukuru.

Mtu mwingine, mwanamke nisiyemjua, aliniuliza nilipata gredi gani. Nikamwambia. Akapiga kigelegele pale pale, kando ya barabara, lori likapunguza mwendo.

Mama Maweu ameuliza kama aje na kuku mzima au aliyeiva. Nikafikiri ni mzaha wa kwao. Nimecheka. Naye amecheka.

Nimemwambia Mama kwamba watu watakuja. Mama amekwenda kuwatazama kuku wake.

Jumamosi, 15 Februari

Mikono inauma lakini lazima niandike.

Tulikuwa hatujamaliza chai tuliposikia vigelegele. Mama akatoka. Nikatoka nyuma ya Mama. Njia nzima ilikuwa rangi ya chungwa, akina mama wamevaa leso za namna moja, wanaimba. Kila mmoja na kuku. Kuku kwapani, kuku kichwani ndani ya tenga, kuku amefungwa utepe mwekundu mguuni. Mzee Dzombo nyuma na mkokoteni wa viti. Mama Maweu na sufuria iliyofunikwa. Ndani yake kuku alikuwa ameiva.

Bi Mwanapili akamkumbatia Mama. Akampongeza kwa mtoto kumaliza shule. Akasema walikuwa wanajiuliza tangu matokeo yatoke, mbona nyumba hii kimya, kumbe mlikuwa mnapanga. Na barua ya mwaliko fupi, tamu, haina maringo.

Mama akageuka kunitazama. Polepole.

Sasa naelewa. Mtu wa huku akiambiwa apeleke kuku Jumamosi nyumbani kwa msichana aliyemaliza shule, haulizi kwa nini. Anampeleka. Mama naye angefanya hivyo.

Kabla Mama hajafungua mdomo, Bi Eunice akaingia na kisanduku chake cha barafu. Akasimama. Akaangalia viti, leso, kuku. Akamwambia Mama ametembea vijiji vingi lakini hajaona uhamasishaji wa namna hii. Mama akasema ahsante. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo.

Bi Eunice akahesabu. Wa Mama, wa wageni. Akatikisa kichwa. Bado. Wageni walikuwa wameleta kuku mmoja mmoja, na wengine wachache hawakuwa na haja tena ya chanjo kwa kuwa walikuwa na mchuzi. Nusu ya kichupa haikufika.

Na Maweu akafika. Kama alivyoahidiwa. Pikipiki imebeba matenga ya kuku wa hoteli aliokusanya tangu Jumanne, na tenga moja tupu juu, la kuku wa Mama. Akamwambia Mama shikamoo, kwa heshima, na akaanza kulishusha lile tupu. Mama akaelekea bandani. Niliona mkono wake kwenye komeo. Nilijua ndio mwisho.

Mama Maweu akaweka sufuria chini.

"Maweu. Shusha hizo zilizojaa."

"Mum, hawa ni wa hoteli, wananingoja Diani."

"Na shingo zikipinda hapo Ukunda, utawauzia hoteli wakiangalia mgongo? Hukusomewa ile hadithi ya Kishungi? Shusha."

Watu wakacheka. Maweu akashusha. Bi Eunice akahesabu tena, kisha akafungua kisanduku. Sikupumua mpaka nilipoona kichupa kimechanganywa.

Akina mama wakauliza kuna nini, dawa ya nini kwenye sherehe. Bi Mwanapili akaniita mbele ya watu wote. Akasema mwenye shughuli aeleze. Viti vyote vikanigeukia.

Sauti ilirudi tumboni kama kawaida. Nilikuwa nimemshika mtetea wa kwanza kwa ajili ya Bi Eunice, na moyo wake ulikuwa unapiga kwa kasi kuliko wangu. Nikamtazama yeye badala ya watu.

"Mwaka jana kuku wa Mama walikufa wote ila mmoja. Safari hii kideri kitakuja kwetu sote. Hili tone linakizuia. Likibaki, jioni linamwagwa. Nawaomba mkachukue na waliobaki nyumbani, sasa hivi, kabla ya chakula."

Basi. Nikamkabidhi Bi Eunice mtetea. Nilijua nimeharibu sherehe. Halafu Bi Mwanapili akajifunga leso kiunoni na kuuliza wanangoja nini. Watu wakatawanyika, na baada ya muda wakarudi na waliokuwa wamebaki mabandani, mpaka Bi Eunice akawa anatafuta pa kukanyaga. Kuku wa mwisho alipotiwa tone, kichupa kilikuwa kimekauka.

Mama alitaka kila mtu arudi na kuku wake wote. Bi Mwanapili hakutaka kusikia. Wale waliokuja na vigelegele ni wa Mejumaa, hawarudi. Wale wa mara ya pili ndio wa nyumbani. Mama amelia. Maweu naye aliacha mmoja kutoka matenga yake, na mwanamke mmoja akamtazama sana yule kuku, kwa kuwa alikuwa amemuuza Jumanne. Tumekula, tumeimba. Nimeingia jikoni mara nyingi kujificha, na mara zote nilitolewa.

Banda halifungiki tena kwa wingi wa kuku. Mama amesema Mei naenda chuo, hakuna mjadala. Sijui nimshukuru nani kwanza. Nimeanza na mtetea.

Jumapili, 16 Februari

Mwalimu Tembo amerudi kutoka Samburu na kupita hapa. Bi Mwanapili alikuwa ameshamsimulia yote njiani. Ameniambia maneno yale niliyosema nimeshika kuku ndiyo kitabu bora nilichowahi kuandika. Hatari, dawa, saa, jambo la kufanya, na sababu yake. Akasema niyaandike hivyo hivyo, nisiongeze, nisipunguze.

Namshukuru. Ni mtu mwenye huruma, alitaka kunifariji kwa aibu niliyoipata mbele za watu. Lakini mwandishi lazima auangalie ukweli. Nilichosema sikumbuki hata. Kilicholeta watu ni karatasi. Kurasa kumi na moja hazikuleta mtu. Kisa cha kutoa machozi kiliwapeleka Funzi. Mistari michache isiyo na sababu hata moja imejaza uwanja kwa leso za namna moja. Hesabu ni rahisi. Msomaji ni mtu mzima, usimchoshe kwa kumweleza.

Na Mungu hachelewi. Bi Eunice amenituma kazi! Kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, Jumapili ijayo, na mbwa ni wengi kule mashamba ya skimu na hata huku. Ameniomba niandike karatasi ya kuwaelimisha watu. Mimi! Nimeitikia kabla hajamaliza kueleza.

Nimeandika kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai:

"Jumapili ijayo asubuhi na mapema, kamata mbwa. Mfunge kamba. Mlete nyumbani kwa Mama Mejumaa. Usikose."

Sikuandika ni kwa nini. Watajua tu.

Watoto wa madrasa wameshaondoka nazo. Mama hajaona bado, yuko uani anaanika mikeka ya kuswalia. Ameuliza mbona leo watoto wote wanatoka madrasa wakicheka. Nimemwambia ni raha ya kusoma.